Maji Uliyoniomba, Mayu

Mpendwa Mayu,

Mwadila, mama yangu. Najua hukupenda barua. Ulikuwa ukisema karatasi ni ya mahakama na ya watu wa kununua pamba, na mtu mwenye neno lake aje alisemee mlangoni. Sasa wewe ndiye uliyeondoka nami nimebaki na neno, kwa hiyo nivumilie. Kusoma hukujua, basi nitakwenda polepole kama ninayekusomea. Na nitaiacha wazi, maana wapo wengine wanaostahili kuisikia.

Kigango chetu kimekuwa parokia. Jumapili iliyopita Baba Askofu alikuja kuizindua, na watu walitoka Nkoma, Lagangabilili, hata Bariadi mjini, na magari yakajaa mpaka kwenye shamba la dengu la jirani. Kwaya zilikuwa tano. Ungeziona zile sare ungecheka, kwa sababu nusu nimezishona mimi na bado mikono ya sare za sauti ya nne ilikuwa mifupi. Lakini siwezi kukusimulia Jumapili hiyo kabla ya kukwambia jambo ambalo nimelikwepa tangu tulipokuzika. Nitaanzia mbali, kama ulivyokuwa ukianza wewe ulipotaka kunigombeza.

Nitaanzia ghalani. Mimi sikuwepo, lakini umenisimulia mara nyingi hata nahisi nilikuwepo. Baba alikuwa na ghala la pamba pale uani, la miti na udongo, na msimu ukiisha lilikaa tupu likisubiri pamba nyingine. Waliokuwa wanasali kijijini walikuwa kaya nne tu, wakisali juani. Ukamwendea Baba, mtu wa ng'ombe zake na mizimu yake, asiyetaka kusikia habari za padre, ukamwomba ghala.

"Hao watu wako wa sala wataniibia pamba," alikwambia.

"Pamba umeshaiuza. Wataiba nini, panya?"

Akacheka, akatoa ufunguo. Yeye mwenyewe hakuingia hata siku moja. Alikaa nje na fimbo yake ya kuchungia, na waliochelewa ibada aliwafokea kuliko katekista alivyowafokea. Mpaka anakufa watu walikuwa wakimtania kwamba ndiye mlinzi wa Kanisa asiyejua Baba Yetu.

Katekista alikuwa Mzee Paulo Maduhu, kijana wakati huo, aliyetoka upande wa Nkoma na baiskeli yake na kitabu amekifunga kwenye mfuko wa nailoni. Yeye alisoma na kufundisha. Wewe kila Jumamosi ulisiliba sakafu ya ghala kwa mavi ya ng'ombe na udongo mweusi wa mbugani, ukaanzia ukutani ukarudi nyumanyuma hadi mlangoni, ili Jumapili watu wapige magoti mahali pasafi. Kanisa la tofali lilipoanza kujengwa, wewe uliongoza akina mama kuchota maji ya kufyatulia, ndoo kwa ndoo, kutoka kwenye korongo. Kila Padre alipokuja ulimpikia. Watoto wote wa umri wangu sala ya Salamu Maria tuliipata mdomoni mwako kabla ya kuipata kwa katekista.

Na hukuwa umebatizwa.

Kwa asiyejua, nieleze. Ulikuwa mke wa pili. Ulianza mafundisho ukiwa msichana, ng'ombe wakaja kwenu kabla ya Pasaka, ukaolewa na mtu ambaye tayari alikuwa na mke nyumbani. Kanisa lilikupokea kama mkatekumeni, yaani mtu anayejifunza na kungoja, lakini ubatizo hukupewa. Padre alikwambia bila kuzunguka: umwache mume huyo, au ungoje. Ukamjibu kwamba una watoto wanne, na huyo mume hajakukosea kitu. Ukachagua kungoja. Sijawahi kukusikia ukilisema vibaya Kanisa kwa hilo. Mimi ndiye niliyekuwa nalisema vibaya, na wewe ndiye uliyeninyamazisha.

Unakumbuka lile sufuria? Kila Misa, watu wakianza kujipanga kwa komunyo, wewe ulifunga kitenge vizuri, ukainuka kwenye benchi la mwisho, ukatoka kwenda kuangalia chakula cha Padre jikoni. Nilipokuwa mdogo nilijivunia jambo hilo. Nilidhani wali wa Padre hauwezi kuiva bila wewe. Nilikuwa nimeshapata kipaimara siku nilipokufuata nje kukuletea chumvi, nikakuta sufuria limeshaepuliwa zamani, moto umezimwa, nawe umekaa juu ya kinu umegeuzia kanisa mgongo. Hukuwa unalia. Ulikuwa unangoja wimbo wa komunyo uishe ili urudi ndani. Niliweka chumvi chini nikaondoka, na hatukuwahi kulizungumzia. Wote walikuwa wanasimama, wewe peke yako ungebaki umekaa, na sufuria lilikuwa afadhali.

Kisha kuna jambo la kuzaliwa kwangu, uliloniambia tukiwa tunachuma pamba, wiki moja kabla ya harusi yangu. Uliongea bila kuniangalia, mikono yako ikiendelea kuchuma. Nilizaliwa kabla ya wakati, mvua za vuli, mdogo kama ukindu, ukasema, na midomo ya bluu. Mama mkubwa, mke wa kwanza wa Baba, ndiye aliyenipokea, na aliponitazama alitikisa kichwa. Ukatuma mtu akamwite katekista. Jibu likaja kwamba amekwenda kuchukua mbegu za pamba hajarudi. Basi ukamwambia mama mkubwa alete kibuyu cha maji. Ukiwa bado umelala kwenye damu yako ukanimiminia kichwani mara tatu, ukasema maneno uliyokuwa umeyasikia kwa miaka yote kutoka benchi la mwisho: "Veronika, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Kwa nini Veronika?" nilikuuliza.

"Kwenye Njia ya Msalaba ni yeye tu niliyempenda," ulisema. "Alimfuta Bwana uso bila kuwaomba ruhusa askari."

Nikaishi. Siku kadhaa baadaye Padre alikuja, nikapelekwa kupakwa mafuta na kukamilishiwa sherehe, akauliza nani alinibatiza. Kabla hujafungua mdomo, Mzee Maduhu akajibu, "Ni mimi, Padre." Ukaniambia uliangalia chini, ukaona sakafu yako imepasuka karibu na kiatu cha Padre, ukawaza kuwa Jumamosi uanzie hapo. Ulinyamaza kwa sababu ulihofu Padre akijua ni mkono wako atasema maji yale hayafai. Ukaninyamazisha na mimi. "Maji ni maji," ulisema. "Aliyeandikwa na aandikwe. Wewe uko hai."

Baba alifariki, tukamzika uani karibu na zizi, na baada ya matanga ukakaa kidogo, kisha ukachukua kanga yako safi ukaenda kujiandikisha upya kwa mafundisho. Ulikaa na watoto wa darasa la nne. Katekista mpya alipouliza swali, walikugeukia wewe uwasaidie. Watu walikutania, bibi mzima na wajukuu kwenye benchi moja, na wewe ukawajibu, "Kawia ufike." Jina ulilochagua ni Ana, bibi yake Yesu, kwa sababu ulisikia kwamba naye alikawia kupata alichokiomba. Nilinunua kitambaa cheupe Bariadi nikaanza kukushonea gauni la Pasaka. Nilikushonea kwa madaha, Mayu, nikaweka na marinda uliyoyakataa.

Sasa nafika.

Ilikuwa Kwaresima, mvua imeshika, na kifua kilikubana siku tatu. Zahanati walitupa dawa wakasema tukufikishe Bariadi, lakini korongo lilikuwa limejaa na hakuna gari lililovuka. Nikampigia Padre simu. Akasema yuko njiani. Ilikuwa saa nne asubuhi, nimekaa pembeni ya kitanda chako na kikombe cha bati cha maji mkononi, kile chenye mpini uliopinda. Ukafungua macho, na akili yako ilikuwa safi, nakiri, hukuwa unaweweseka.

"Veronika. Padre hatafika."

"Yuko njiani, Mayu."

"Nimiminie wewe. Maneno unayajua."

Nikakujibu hivi, na neno hili nalisikia kila ninapoketi kwenye cherehani: "Vumilia kidogo, Mayu. Tufanye kwa utaratibu."

Ukakitazama kikombe. Mimi nikadhani una kiu. Hapana, nisikudanganye hata sasa. Nilijua unataka nini, nikaamua kwamba una kiu. Nikakuinua kichwa nikakunywesha. Ukanywa mafunda mawili. Ukasema, "Wabeja, ng'wanone," asante mwanangu, ukalala. Kabla ya saa sita ulikuwa umekwenda.

Kwa nini sikumimina? Nimejiuliza sana na jibu si zuri. Nilikuwa katibu wa kigango, na katibu hufanya mambo yaliyopitishwa. Nilitaka Pasaka. Nilitaka gauni, na vigelegele, na wale waliokuona miaka yote ukitoka kwenda kwenye sufuria wakuone ukisimama kwenye mstari. Niliyataka hayo kwa ajili yako, lakini zaidi niliyataka kwa ajili yangu. Uliniita jina la mwanamke asiyeomba ruhusa, na siku yenyewe ilipofika nikasubiri ruhusa. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema. Yangu hayakumwagika hata tone, na ndiyo yanayoniuma.

Padre alifika kesho yake kwa miguu, tope hadi magotini, gari amelizamisha mbugani. Alipokuona alikaa chini. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuzika, kwa sala zote, mbele ya waliokuwa wananong'ona kwamba hazikuhusu, akawaambia Kanisa humhesabu mkatekumeni kuwa wake na kwamba hamu yako ilikuwa imekubatiza. Nilimsikia, na ninaamini. Lakini wewe hukuniomba hamu, uliniomba maji. Gauni nilikuwa sijalipiga pindo. Nililipinda kwa mkono asubuhi ya mazishi, nikakuvika, na marinda nilikuwa nimeyafumua.

Zaidi ya mwaka nilinyamaza nalo. Nikafanya kazi, nikaandika mihutasari, nikashona sare. Zikaja habari za parokia, na halmashauri ya kigango ikanipa mimi kazi ya kuandika historia ya kigango isomwe mbele ya Askofu. Nikasema moyoni, vema, maji sikukupa, jina lako nitakupa. Niliandika kurasa tatu. Niliandika kwamba ibada za kwanza zilifanyika katika ghala la pamba kwa ombi lako. Niliandika sakafu, maji ya tofali, sala za watoto. Mwishoni nikaandika kwamba katika hatari ya kifo ulimbatiza mwanao mchanga, aliye hai na ndiye anayeandika.

Siku ya kikao nikaisoma. Mwenyekiti wetu si mtu mbaya, ila akishika kalamu nyekundu huwa hasikii. Akasema, "Hapa kwenye ghala, weka jina la Mzee Nkuba. Lilikuwa ghala lake."

"Baba hakuingia humo hata mara moja, Mwenyekiti."

"Ndiyo, lakini ni mali yake. Na hapa mwisho, katibu, tuangalie vizuri."

Kitabu cha zamani cha ubatizo kilikuwa mezani, kimeletwa kutoka parokia mama ili tunakili majina ya watu wetu. Akalitafuta jina langu. Veronika, mtoto wa Nkuba na Kabula. Akaweka kidole kwenye safu ya mbatizaji, akasoma kwa sauti: "Paulo Maduhu, katekista." Akanitazama. "Kitabu cha Kanisa kinasema moja na wewe unasema lingine. Halafu mama mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuwa amebatizwa. Huoni kama unamvunjia mzee heshima?"

Mzee Maduhu alikuwepo, amekaa mwisho wa benchi, fimbo katikati ya magoti. Siku hizi haoni vizuri, na tunamwalika vikaoni kama mwasisi. Nikamgeukia. Wajumbe wote wakamgeukia. Mama mkubwa, shahidi pekee, alishatangulia. Mzee akasugua kichwa cha fimbo yake kwa kidole gumba. Kikao kikapitisha kwamba maneno hayo yaondolewe. Nikaandika kwenye muhtasari kwamba yameondolewa, Mayu, kwa mkono wangu mwenyewe, maana mimi ndiye katibu. Kisha nikafunga daftari, nikatoka bila kuaga. Nyumbani nikaandika barua ya kujiuzulu, nikaiweka chini ya cherehani ningoje hasira ipoe.

Siku ya tatu asubuhi bodaboda ikasimama mlangoni. Mzee Maduhu akashuka kwa shida. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika, "Marahaba. Mwangaluka, mayu," kama wazee wanavyomwamkia mwanamke yeyote kwa heshima, akakataa kigoda.

"Nimekuja nimesimama," akasema. "Nikikaa nitapiga hadithi."

Nikaacha kushona.

"Siku ile mbegu nilizichukua mapema sana. Nilizitua kilabuni. Walinifuata nikakataa kuinuka, nikawaambia waseme sijarudi. Padre alikuwa ameshanionya mara mbili kuhusu pombe. Alipouliza nani amebatiza, nikaona nikisema ni mama yako, ataniuliza, na wewe ulikuwa wapi?" Akahamishia fimbo mkono wa pili. "Nilidhani ni neno dogo, la kupita. Mama yako akanipikia chai kila Jumapili tangu siku hiyo. Hajawahi kunikumbusha. Hata kwa jicho."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilikuwa na haki yangu, na maneno nilikuwa nimeyapanga. Badala yake nikasikia mdomo wangu unamsimulia habari za kikombe, zote, mpaka yale mafunda mawili. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Alisikiliza kichwa amekiinamisha, kisha akatafuta kigoda kwa mkono, akakaa.

"Basi tuko wawili," akasema. "Mimi nilichukua lisilo langu, na wewe hukutoa lililokuwa lako. Twende kwa Padre."

Tukaenda, sisi wawili na dereva kwenye pikipiki moja, mzee katikati. Padre alitusikiliza wote bila kutukatiza. Kisha akasema jambo ambalo ungeishi vizuri zaidi kama mtu angekwambia mapema: kwamba ubatizo wangu ulikuwa halali tangu tone la kwanza, kwa kuwa penye hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiyebatizwa, mradi anakusudia kile Kanisa linachokusudia. Hofu yako yote, Mayu, na ukimya wako wote, vilikuwa vya bure. Akafungua kitabu. Kwenye ukingo wa ukurasa, pembeni ya jina la Mzee, akaandika polepole, akaweka sahihi, akanigeuzia nisome. Mzee akaniambia nisome kwa sauti kwa sababu yeye haoni.

"Mbatizaji halisi: Kabula, mke wa Nkuba, mkatekumeni."

Nilisoma mara mbili. Mara ya pili sikumaliza. Ulingoja karibu maisha yako yote uandikwe katika kitabu hicho pamoja na waliopokea, na kumbe umo tangu siku niliyozaliwa, kwenye safu ya waliotoa. Padre akanipa kitambaa chake. Halafu akanipa adhabu, sijui kama ni malipizi au kazi: nipite jumuiya zote nifundishe kila mama na kila baba namna ya kumimina maji na maneno ya kusema. Nimeshapita saba. Kila mahali nachukua kile kikombe cha bati, na kila mahali nawaambia, usingoje.

Barua ya kujiuzulu nimeichana. Wajumbe walipoonyeshwa ukingo wa kitabu, Mwenyekiti alikohoa, akasema utaratibu ni kufuata kitabu, na kitabu sasa kinasema. Ghala yeye mwenyewe akalirudishia jina lako kwa kalamu yake nyekundu.

Jumapili, Mzee Maduhu aliomba yeye ndiye atoe historia, wala si mimi. Kwa kuwa haoni, nilimfundisha wiki nzima kwa kichwa, kama wewe ulivyotufundisha Salamu Maria. Alisimama mbele ya Askofu, mkono mmoja kwenye fimbo, akaisema yote. Alipofika kwako hakuruka neno. Akasema, "Na mtoto huyo alibatizwa na mama yake, Kabula. Mimi nilisema ni mimi. Sikuwa mimi." Juu yetu nikasikia mabati yanalia kwa jua. Kisha bibi mmoja, mwenzako wa kuchota maji ya tofali, akapiga kigelegele kimoja chembamba, na kanisa zima likamfuata.

Ningeishia hapo, lakini kuna jambo lingine moja dogo.

Wakati wa komunyo nilisimama kwenye mstari na wengine. Nikamwona mwanamke wa benchi la mwisho, Ng'washi, mke mdogo wa jirani yetu mwenye mashine ya kusaga. Alifunga kitenge vizuri, akainuka, akaelekea mlangoni, upande wa jikoni. Wapishi tulikuwa nao kumi na wawili, Mayu. Hakuna sufuria lililokuwa linamhitaji.

Nikatoka kwenye mstari. Watu walinitazama, maana katibu kwenye siku ya Askofu hatoki kwenye mstari. Nikamfikia mlangoni nikamshika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Kuangalia chakula, dada."

"Chakula kina watu. Rudi tukae."

"Wote wamesimama," akasema kwa sauti ndogo. "Nitakaaje peke yangu?"

"Hutakaa peke yako."

Tukarudi, tukakaa benchi la mwisho, mimi na yeye, kanisa zima limesimama mbele yetu mpaka wimbo ukaisha. Komunyo sikupokea siku hiyo. Nadhani wewe na Bwana mtanisamehe kwa hilo upesi zaidi kuliko kwa lile lingine.

Lile lingine sijui kama nimeshasamehewa, na sitakuomba unijibu. Nakuomba tu ukubali niliyokufanyia baadaye badala ya lile ambalo sikulifanya. Mvua zikianza nitakuja kupalilia kaburi lako na la Baba. Pumzika, Ana. Umekawia, umefika.

Ni mimi, uliyenimiminia bila kumwomba mtu ruhusa,

Mwanao Veronika